Karata Isiyo na Mwenza

Kofi la kwanza nililopigwa kwa ajili ya karata alinipiga bibi yangu, mchana kweupe, sote tukiwa tumelala kifudifudi chini ya kitanda chake. Nje walikuwa wanapigana risasi. Ilikuwa Januari ya mwaka sitini na nne, Ramadhani inakaribia kubisha hodi, na mimi meno yangu ya mbele yalikuwa bado hayajamaliza kuota.

Tulikuwa wanne kule chini: Bibi, mama, dada yangu na mimi. Mama alikuwa analia bila sauti, anatikisika tu, na mchago wa kitanda ukitikisika naye. Bibi akapitisha mkono juu, chini ya godoro, akatoa pakiti ya karata zilizoshika mafuta ya nazi mpaka hujui uso ni upi na mgongo ni upi.

"Tumo wanne," akasema. "Mungu hakosei hesabu. Nani anagawa?"

Mama akamwangalia kama anayemwangalia mwendawazimu. Bibi akagawa mwenyewe. Sharti lake lilikuwa moja: bunduki ikilia, atakayeshtuka hana haki ya karata zilizoko chini. Bunduki ikalia, nikaruka, kichwa kikagonga chaga, na kabla sijajua kinachouma ni kipi, kofi la Bibi likanikuta shavuni.

"Karata zinashtuka?" akaniuliza.

"Hazishtuki, Bibi."

"Basi na weye ukizishika usishtuke."

Mpaka milango ya mtaa wetu ilipofunguliwa, nilikuwa naweza kutupa karata huku mlango wa jirani unavunjwa, na kope isicheze. Nyumba nyengine za mtaa hazikufunguliwa tena. Tukakatazwa kuuliza wenyewe wamekwenda wapi. Mimi nikauliza. Nikapata kofi la pili.

Tangu hapo nimepigwa na watu wengi, na kwa vitu vingi. Nimepigwa kwa bakora ya mwalimu, kobazi ya mama, na mkanda wa ami. Nimepigwa kwa fimbo ya kijana wa doria aliyeziona nywele zangu zimezidi urefu, akazikata kwa mkasi wa kukatia bati na sehemu ya sikio ikaenda nazo. Siku moja pale sokoni nilipigwa kwa nguru mzima, na hiyo, kwa kweli, ilikuwa haki yangu, maana nilimwambia muuza samaki kuwa nguru wake anafanana na mkwewe. Nayataja haya ili ijulikane kuwa nikisema pigo fulani liliniuma, nasema kama mtu mwenye ujuzi wa kulinganisha.

Mwenza wangu wa karata nilimpata kwa ngumi vilevile.

Alikuja skuli yetu kutoka Tumbatu, mikono mirefu, migumu kama makasia, akawekwa deski moja na mimi. Alikuwa anakaa Malindi kwa mjomba wake, mwenye kibanda cha kuuza ng'onda na papa mkavu. Siku hiyo hiyo, mwalimu alipotoka, nikasimama mbele ya darasa nikamuigiza anavyozungumza Kitumbatu chake. Darasa likafa kwa kicheko. Yeye akaendelea kuchonga penseli yake. Wakati wa mapumziko akanifuata nyuma ya vyoo, akanipiga ngumi moja ya mdomo, nikakaa chini. Kisha akanishika mkono, akaninyanyua, akanipangusa mchanga kwenye shati kama mama. Akainama akaokota kitu kilichonitoka mfukoni. Ilikuwa karata, ree ya shupaza.

"Unacheza?" akaniuliza.

"Nnacheza," nikasema, na damu.

"Una mwenza?"

Nilikuwa sina. Watu wa mtaani walikuwa wamenikimbia kwa sababu ya mdomo wangu.

Karata yetu ni wahedusitini, na asiyeijua nitamweleza kidogo. Mnacheza wanne, wawili dhidi ya wawili, na mwenzako mnakaa mnatazamana. Ree, ile ya alama moja, ni kumi na moja, saba ni kumi, mizungu, zile za picha, ina vidogo vyake, na zilizobaki ni garasa, hazina thamani, za kutupa tu. Wanaofika sitini na moja wamefunga. Sasa roho ya mchezo iko hapa: mwenzako akitupa karata kubwa, na unajua atakula, wewe unampakia. Unamtilia ree yako, saba yako, nyama yote uliyonayo, kwa sababu anachokula yeye ndicho chenu. Na akiwa anazidiwa, unamtupia garasa ili adui asifaidi. Mtu asiyejua wakati wa kupakia na wakati wa kutupa garasa hafai kuwa mwenza wa mtu. Hafai hata kuoa.

Kusema ni haramu mchezoni, lakini ishara ni za kila mtu na mwenziwe. Zetu zilikuwa mbili. Nikifumba jicho la kushoto: nnayo kubwa, nipakie. Nikijikuna kidevu: tupa garasa. Kwa ishara hizo tuliwafunga vijana wa Malindi barazani kwao mpaka wakawa wanatuona tunakuja wanakumbuka wametumwa na mama zao.

Kwenye baraza ile hatukucheza kwa kitu. Tulicheza kwa masikio. Aliyefungwa anatoa sikio, na mshindi anazikusanya karata tatu nne pamoja, anakuchapa nazo, pigo moja kwa kila moja uliyopungukiwa. Karata mpya inakata kama wembe. Karata nzee inaunguza kama upupu. Mwenzangu alikuwa anachapa taratibu, kwa heshima, kama anayepiga mhuri. Mimi nilikuwa nachapa na maneno juu.

Poka tulifundishwa na jirani yetu mmoja, baharia aliyeshushwa melini kwa kumvunja taya mpishi. Alikuwa na chumba chini ya ngazi, na mchana wa jua kali alikuwa akituita tucheze kwa mbegu za ubuyu.

"Hii ndiyo karata ya wanaume," akatuambia. "Ukiwa na garasa tupu, uso wako useme una ree nne. Ukiwa na ree nne, uso wako useme umefiwa. Mtazame mtu mkono wake unakwenda wapi akiwa hana kitu. Kila mtu ana pahala pake. Mwengine pua, mwengine sharubu. Mkono ndio unaosema kweli."

Mimi nikaipenda papo hapo. Nilikuwa nimeshalipia masomo yake chini ya kitanda cha Bibi. Baharia mwenyewe akiwa hana kitu alikuwa anapapasa kovu lake la kidevuni, na mimi nikamla mbegu zote za ubuyu mpaka akanitupia kikombe, kikanipasua nyusi. Mwenzangu yeye alicheza kidogo tu akaziweka karata chini.

"Mwenzangu nani hapa?" akauliza.

"Huna mwenza," akasema baharia. "Kila mtu peke yake."

"Sasa nikizidiwa?"

"Umezidiwa."

"Hapana wa kunitilia?"

"Hapana."

Akasimama, akajipangusa. "Basi hii si karata," akasema. "Hii ni kuzama."

Nikamcheka njia nzima mpaka Forodhani. Pale Forodhani ndipo yalipotukuta ya mchukuzi.

Alikuwa mchukuzi wa bandarini, mtu wa kubeba magunia ya karafuu, shingo na bega kitu kimoja. Yeye na mwenziwe walikuwa wamekaa upenuni mwa nyumba moja, mama wa nyumba anakuna nazi pembeni, karata zimetandikwa juu ya gunia, wakatuita tuwapumbaze. Tukawafunga vibaya. Mchukuzi akatoa masikio yake bila ya ubishi, mtu muungwana. Nami, badala ya kupiga nikashukuru Mungu, nikazikusanya karata nikasema:

"Masikio haya, mzee, ni ya kupigia au ya kupepetea mchele?"

Watu wakacheka. Yeye pia akacheka. Baharia alikuwa hajatufundisha kuwa uso unaocheka ndio wa kukimbiwa kwanza. Hilo nilijifunza mwenyewe, nikiwa hewani. Alininyanyua kwa shingo akanibamiza kwenye mlango wenye misumari ya shaba, mgongo mzima, mara ya kwanza, mara ya pili, na kila mara anasema, "Pepeta! Pepeta!" Nilikuwa siwezi kupumua wala kufanya mzaha. Nikamwona mwenzangu nyuma yake, ameinyanyua mbuzi ya yule mama, machicha bado yamo kwenye meno. Akamshindilia nayo mgongoni. Mchukuzi akaniachia, akageuka polepole kama kabati, akampiga mwenzangu ngumi ya mdomo. Jino lilitoka likaangukia kwenye sinia la tui. Yule mama alipiga ukelele, si kwa ajili ya jino, kwa ajili ya tui.

Tulikimbia mpaka Malindi. Mjomba wake alikuwa mlangoni pa kibanda chake. Akamtazama mpwawe mdomo, akanitazama mimi mgongo, akauliza neno moja: "Karata?"

"Naam, mjomba," akajibu mwenzangu. Alikuwa hajui kusema uongo, na sasa hata hewa ilikuwa inampitia pale penye pengo.

"Basi nisikilizeni nyote wawili. Wallahi, nikisikia karata tena, iwe kwa mwalimu, iwe kwa jirani, iwe kwa kichaa wa sokoni, nakurudisha Tumbatu siku ile ile. Na skuli basi. Utavuta nyavu na baba yako."

Mimi nimeshasoma nyuso nyingi. Uso wa mjomba ule ulikuwa mmoja tu, hauna wa chini yake. Na mwenzangu kurudi Tumbatu kwake kulikuwa sawa na kufa. Alikuwa anataka kusomea injini za meli. Kwenye daftari la hesabu, kwenye la siasa, mpaka nyuma ya kitabu changu cha historia, alikuwa anachora pistoni na mapangaboi. "Nshapiga kasia la kunitosha," alikuwa akiniambia. "Nnataka kitu cha kwenda peke yake."

Barazani tukaacha. Lakini mtu aliyezoea karata mikono inamuwasha. Ni yeye aliyesema, "Tucheze skuli. Mjomba hafiki skuli."

Tukawa tunacheza nyuma ya darasa, kwenye somo la siasa, na wawili wa deski la mbele yetu wakigeuka nusu nusu. Karata tuliziweka ndani ya deski letu. Siku ile mwalimu alikuwa anatueleza faida za kilimo cha pamoja, maana wiki iliyofuata tulikuwa tunapelekwa Chukwani kulima mihogo. Aliyekuwa mbele yangu alikuwa na turufu, akapandwa na furaha, akaitupa kwa nguvu, na ghulamu wa kopa akateleza, akaanguka chini, akaenda taratibu, akasimama kwenye kiatu cha mwalimu.

Mwalimu akamwokota. Akakisoma kile kisharubu cha ghulamu. Wale wawili wa mbele wakageukia ubao upesi; akaja moja kwa moja deski letu, akafunua, akaikuta pakiti.

Mwalimu Mkuu wetu alikuwa na bakora ya mpera aliyokuwa akiiloweka kwenye ndoo ya maji ya chumvi nyuma ya mlango wake. Kazi ya chumvi waliijua wanafunzi wote. Mimi niliijua kuliko wote. Lakini na mimi nilikuwa namjua yeye. Baada ya swala ya alasiri alikuwa anacheza wahedusitini na wazee wenziwe kwenye baraza ya Kikwajuni, na mara nyingi nilikuwa nikijipitisha pale, nikisimama, nikisema shikamoo kwa kila mzee mmoja mmoja ili nikae sana. Nikaona. Akiwa na garasa tupu mkono unakwenda kichwani, anaiweka kofia yake sawa. Akiwa na ree anaisahau kofia, inalala upande mmoja.

Akaniita wa kwanza.

"Karata za nani?"

"Za shetani, Mwalimu. Ndivyo ulivyotufundisha."

Akanipiga viganja. Chumvi ikaingia.

"Karata za nani?"

"Nimezikuta, Mwalimu."

"Umezikuta wapi?"

"Kwenye deski."

Hapo akanipiga mpaka nikasahau mzaha niliokuwa nimeutayarisha, na ulikuwa mzuri. Akanitoa ukumbini, akamwita mwenzangu. Nikiwa nje nikaisikia bakora, ikapumzika, ikaanza tena, ikapumzika. Sauti ya mwenzangu sikuisikia hata moja. Akatolewa kwa mlango wa pili ili tusionane, na mimi nikaitwa tena.

"Haya," akasema Mwalimu Mkuu, anahema. "Mwenzio keshasema yote. Kasema ni zako, wewe ndiye unayeleta, wewe ndiye uliyemfundisha. Sasa na wewe sema ya kwake."

Na mkono ukapanda kichwani, ukaiweka kofia sawa.

Viganja vilikuwa vinawaka moto, lakini moyo ulikuwa unacheka. Hakuwa na kitu. Mwenzangu hakusema lolote. Nikaona mchezo wote mbele yangu kama umepangwa juu ya gunia. Nikikubali ni zangu peke yangu, nitapigwa, nitaletewa Bibi, Bibi atanipiga, yatakwisha, mimi nshazoea. Mwenzangu atarudi darasani. Mjomba hataitwa, hatasikia, na injini zitachorwa.

"Ni zangu, Mwalimu," nikasema. "Peke yangu."

"Na huyu?"

"Huyu hajui hata shupaza na pau. Nilimwambia ni picha za wafalme wa Ulaya, tunajifunza historia."

Akamwita mwenzangu aingie. Alikuja mikono ameikunja kifuani, mdomo umefungwa, pengo limejificha. Nikataka kujikuna kidevu. Tupa garasa, sahibu, tupa garasa, kaa kimya. Lakini nilikuwa nimeamriwa niiweke mikono nyuma, na ilikuwa imevimba hata nisingeweza kuikunja.

"Mwenzio anasema karata ni zake peke yake, wewe hujui kucheza," Mwalimu Mkuu akamwambia. "Kweli?"

Mwenzangu akanitazama. Nikamkazia macho. Na Mwalimu Mkuu, kwa kuona tunatazamana, akanipiga kofi la shavu la kushoto, kwa nguvu zake zote, nikaona nyota za mchana. Jicho likajaa maji, likafumba.

Kofia ilikuwa imesimama sawa kichwani kama mnara. Hakuwa na kitu mtu yule! Mwenzangu alitakiwa asitie neno tu.

"Na zangu," akasema.

"Unasemaje?"

"Na zangu, Mwalimu. Tumenunua pamoja, tunacheza pamoja. Wahedusitini. Huyu ni mwenzangu."

Nikaiona kofia inalala upande.

Tulipigwa mbele ya skuli nzima, paredini, yeye na mimi, tumeshika meza. Mimi nililia kwa makelele makusudi, nikimtaja mama, bibi, na walimu wote mmoja mmoja, ili watu wacheke na aliyekuwa anatupiga akasirike achoke haraka. Yeye hakutoa sauti. Kisha Mwalimu Mkuu akatangaza: kesho kila mmoja aje na mlezi wake.

Bibi alifika mapema. Akaitikia shikamoo ya Mwalimu Mkuu kwa "Marahaba" ya juu juu, akaniuliza, "Umeshtuka ulipopigwa?"

"Sikushtuka, Bibi."

Akanizaba kobazi mbili mbele ya walimu, akageuka kwa Mwalimu Mkuu. "Nshamtia adabu wangu. Na weye mwanangu, karata zangu nilizokuazima mkachezee Kikwajuni, uliniahidi utanirejeshea lini?" Mwalimu Mkuu akaona bora mambo yangu yaishe haraka.

Mjomba wa mwenzangu alikuja baadaye, na mwenzangu nyuma yake. Mwenzangu hakuwa na vitabu. Alikuwa amebeba mzigo wa nguo uliofungwa kwa kanga.

"Si kufukuzwa, bwana," akasema Mwalimu Mkuu alipouona mzigo. "Ni adhabu tu. Kijana wako ana kichwa, hasa cha hesabu."

"Nnashukuru, Mwalimu," akasema mjomba. "Lakini nshaapa."

"Kiapo kina kafara yake, mzee wangu."

"Nshaapa," akarudia. Akampiga mpwawe kofi moja, si la hasira, kama mtu anayefunga mlango. Na wakatoka. Mwalimu Mkuu akaiweka kofia yake sawa, akaishika pale pale kwa muda.

Mimi nilikuwa na hasira na mwenzangu kuliko niliyokuwa nayo na mjomba, kuliko na Mwalimu Mkuu. Darasani niligombana na kila aliyetaka kukaa deski langu. Mmoja nilimvunjia rula kichwani. Jioni nilikuwa narudia mchezo ule, karata kwa karata, mpaka nikapata jawabu: jicho. Lile kofi lilinifumba jicho la kushoto. Aliona ishara, akapakia. Jawabu hilo lilinipendeza, kwa sababu liliniachia mtu mmoja tu wa kumchukia, Mwalimu Mkuu, na huyo nilikuwa nshazoea kumchukia.

Skuli zilipofungwa, Bibi akanituma Mkokotoni, pwani inayotazamana na kisiwa cha Tumbatu, kumletea ng'onda, kwa sababu za Malindi alikuwa hanunui tena, kwa hasira zake. Nikaenda kwa gari la shamba. Pakiti yake ya karata, ile ya chini ya godoro, nikaiba nikaondoka nayo.

Nilimkuta mwenzangu pwani, amebeba kapu la dagaa begani. Alikuwa mweusi zaidi, mikono imezidi kuwa minene. Aliponiona akacheka, pengo lote nje. Nilikuwa nimepanga kumwamkia. Badala yake nikamkimbilia nikampiga ngumi ya tumbo, dagaa zikamwagika mchangani.

"Ng'ombe we!" nikamwambia. "Kwa nini ulisema?"

Akaweka kapu chini vizuri, akanipiga ngumi ya jicho. Tukashikana. Nikampiga mdomo, akanipiga mbavu, akaniangusha, akanikalia, akinijaza mchanga kinywani, watoto wa Mkokotoni wamezunguka wanashangiria. Nilimng'ata mkono, akanipiga tena jicho lile lile. Tukapigana mpaka pumzi zikatuishia, tukabaki tumelala ubavu kwa ubavu kati ya dagaa.

"Kusema nini?" akauliza.

"'Na zangu!' Nani kakuuliza? Mtu yule hakuwa na kitu!"

"Nilijua hana kitu."

"Ulijua?"

"Ulinionesha mwenyewe kofia yake."

"Basi ni jicho," nikasema. "Uliona jicho limefumba, ukadhani ishara."

Akakaa kitako, akatema mchanga na damu. "Jicho lako? Sikulitazama jicho lako."

"Ulitazama nini?"

"Mkono mwengine wa Mwalimu. Alikuwa keshaichomoa bakora ndooni. Na viganja vyako vilikuwa kama mikate ya kumimina. Ningekaa kimya, ungepigwa zako na zangu."

"Ndivyo nilivyotaka, punda! Ningepigwa mimi, ungebaki weye!"

"Najua. Weye ulikuwa unacheza poka." Akaanza kuokota dagaa, anazipuliza moja moja. "Mie sichezi ile."

Nikamsaidia kuokota. Nikamuuliza habari za injini. Akasema ipo mashua moja ya mashine inayokwenda na kurudi kisiwani. Fundi wake humwacha ashike spana, na akikosea humpiga nayo vifundo vya vidole. Akanionesha. Vilikuwa vimevimba vizuri.

"Unakosea sana," nikamwambia.

"Skuizi napungua."

Nikatoa pakiti ya Bibi. Wakajitokeza vijana wawili wavuvi, mabega kama milango, wakauliza tunacheza kwa kitu gani. Mwenzangu akawaambia kwa masikio. Wakatazamana, wakakaa.

Jicho langu la kushoto, kwa ngumi zake, lilikuwa limefumba na halikufumbuka mchezo mzima. Nilijikuna kidevu mpaka ngozi ikatoka. Haikusaidia. Kila nilipotupa garasa akanipakia ree, nilipozidiwa akanipakia saba, huku ananitazama kidevuni bila hata kope kucheza, na wale wawili wanakula, wanakula, hawaamini riziki yao.

Tulifungwa vibaya. Tukageuza vichwa, tukatoa masikio. Na watu wa Mkokotoni hawachapi kwa heshima.